Majibu ya Damu ya Mama

Musoma, 3 Juni 2024

Kwako Ghati,

Habari za hapo nyumbani? Watoto hawajambo? Kikohozi cha Brenda kimeisha? Huku sisi wazima, Shija anawasalimu. Ngusa amekubali kubeba mzigo huu kwenye gari yake bila nauli, kwa hiyo hesabu vilivyomo mbele yake asije akasingiziwa.

Naandika barua kwa sababu simu ya hapo ni moja, na mama haongei bila kuweka spika. Nikikwambia neno, analisikia yeye, wanalisikia kuku, na jirani pia. Haya nataka uyasome peke yako.

Kwenye mfuko kuna makopo mawili. Jeupe ni kalsiamu ya mifupa, ameze vidonge viwili asubuhi na viwili jioni. La bluu ni dawa ya maumivu ya magoti, viwili mara tatu, baada ya chakula. Nipo duka la dawa mwaka wa tisa huu, najua ninachotuma. Wewe kazi yako ni kumpa maji ya kumezea. Usiongeze kitu, usipunguze kitu.

Utasema nina maneno makali. Mama alinizaa mimi peke yangu, na kwa kuwa hakupata mtoto wa kiume alifuata desturi ya kwetu akakuoa wewe, mwanamke kwa mwanamke, ili uzae na mwanamume wa nje, nyumba ya marehemu baba ipate wajukuu wa kubeba jina. Sikatai, ndoa hiyo ya nyumba ntobhu haikuanza na sisi. Lakini ng'ombe waliokwenda kwenu Guta ni uzao wa walewale Shija aliowatoa kunioa mimi. Nilitoka mlango ule, wewe ukaingia mlango uleule, kwa ng'ombe walewale. Kila nikikumbuka roho inaniuma, na sioni kwa nini nikufiche.

Msalimu mama. Mwambie kopo jeupe limetoka kwangu.

Wifi yako,
Recho


Butiama, 16 Juni 2024

Dada Recho,

Bwana asifiwe. Sisi tunamshukuru Mungu, Brenda amepona, mdogo wake ameota jino la pili, na yule ng'ombe wa madoa amezaa. Nyinyi je? Shija bado anasumbuliwa na mgongo?

Mzigo umefika. Nimehesabu mbele ya Ngusa kama ulivyoagiza, mpaka akaniuliza kama kuna kesi. Mama anameza dawa zako kwa bidii. Kila mgeni anaonyeshwa kopo jeupe. Juzi alimwonyesha hata mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuja kwa habari ya vyoo.

Lakini kuna mambo nayaona. Ana kiungulia kinachomchoma mpaka kooni, choo anapata baada ya siku tatu au nne, na maji anakunywa kama aliyetoka shamba. Kiungulia nampa maji ya magadi, anatulia. Maziwa nimeongeza, vikombe vitatu vikubwa kwa siku, maana ng'ombe amezaa na maziwa yapo. Nakueleza yote ili usije ukasikia kwa mtu mwingine.

Kuhusu ng'ombe wa Guta, mimi sikuwachagua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, baba akaniita, akaniambia nimeolewa Butiama na mume wangu ni bibi. Nililia wiki nzima. Kisha nikamzoea, kisha nikampenda. Nadhani hilo la mwisho ndilo linalokuuma, si ng'ombe.

Wifi yako mdogo,
Ghati


Musoma, 1 Julai 2024

Ghati,

Salamu. Ninyi nimewaona jana kwa macho yangu, kwa hiyo sina haja ya kuuliza mnaendeleaje. Kwangu hakuna anayeumwa ila mimi, na ugonjwa wangu unaujua.

Nilikuja bila kusema, ndiyo. Kwenda kwa mama yangu siombi ruhusa. Nikapita nyuma ya jiko, nikawakuta. Mama amelala kichwa kwenye mapaja yako, amefumba macho, wewe unamkata kucha za mikono moja moja, mnaongea taratibu. Ghati, mimi mama yangu sijawahi kumkata kucha. Niliondoka hapo na miaka ishirini, wakati ule yeye ndiye alikuwa ananikata mimi. Leo ninao wateja ninaowapima presha kutwa nzima, watu baki, nawashika mikono, na mkono wa mama yangu umeshikwa na wewe.

Nilimpikia sato kwa nazi, nimembeba kutoka Musoma asubuhi ileile. Akala vijiko viwili, akasema tumbo limejaa, akaomba maziwa yako. Nikamuuliza kama magoti yamepungua maumivu, akajibu anatumia dawa zangu tu na zimemsaidia sana. Nilifurahi. Nilipogeuka kwenda kuosha sufuria nikasikia anakwambia wewe, kwa sauti ya chini, "Za kwako ndizo zinanilaza." Za kwako zipi? Ulikuwa unampa nini?

Nilitaka kukuuliza palepale, nikaogopa kulia mbele yako. Nakuuliza hapa. Na usinijibu kwa methali.

Wifi yako,
Recho


Bunda, 28 Julai 2024

Dada Recho,

Nisamehe kuchelewa. Naandika nikiwa Bunda, nyumbani kwa binamu yangu Clementi anayefanya kazi maabara. Mama yuko hapa pia, amelala. Si mzima, lakini anapumua vizuri na leo amekunywa uji.

Jumanne alianza kutapika. Jumatano asubuhi nikamkuta zizini na kibuyu, anamtafuta Nyeupe amkamue. Nyeupe tulimuuza mwaka juzi. Nikamwambia hayupo, akanikasirikia, akaniambia nimemficha. Nikamkodia gari nikamleta huku, kwa sababu huku nina mtu anayenijua na siku ile sikuwa na akili ya kufikiri mbali. Najua utauliza kwa nini siyo Musoma. Jibu ni hilo.

Wamepima damu, majibu nimeyatoa kopi na kuyaweka ndani ya bahasha hii. Mengine yako sawa, lakini pale palipo na herufi H pembeni ndipo palipopanda. Clementi alisema yeye kazi yake ni kupima, wa kutafsiri ni daktari. Alinieleza kidogo tu. Hizo ALT na AST kwa kawaida hukaa ndani ya ini, ini likiumizwa zinavuja kwenye damu. Ni sawa na kukuta maji sakafuni: unajua mtungi una ufa, hujui nani kaugonga. Bilirubini na albumini ni za kawaida, maana yake ini limeumia lakini bado linafanya kazi yake. Alipofika kwenye kalsiamu na kreatinini alikunja uso. Akasema tumpeleke mama kwa daktari wiki hii hii, na tubebe kila kitu anachomeza, hata kama ni majani.

Dada, wewe ndiye unayejua mambo ya dawa. Njoo tumpeleke pamoja.

Ulichoniuliza kwenye barua yako nitakujibu tukionana.

Wifi yako,
Ghati


Musoma, 2 Agosti 2024

Ghati,

Sikusalimu. Nakuandikia nikiwa na karatasi ya Bunda mbele yangu, nimeisoma mara nyingi mpaka imekunjamana.

ALT ya mama ni 112. Mwisho wa kawaida ni 40. AST ni 88. Ini la mtu haliharibiki kwa hewa. Linaharibiwa na pombe, na mizizi ya kuchemsha, na vitu vya kupewa gizani. Mama yangu ni mwanakwaya, pombe hagusi. Na wewe mpaka leo hujanijibu ni zipi hizo "za kwako" zinazomlaza. Umeandika kurasa mbili kuhusu Clementi na mtungi, swali langu umelipa mstari mmoja.

Sasa shuka chini mpaka kwenye kalsiamu: 3.1, imepita kawaida. Hapo ndipo nilipopata faraja. Vidonge vyangu vinafanya kazi, mifupa ya mama inajengeka. Yaani kwenye karatasi moja tunaonekana wote wawili. Mimi najenga, wewe unabomoa.

Nimetoa kopi nyingine nimempelekea baba mdogo Kasmiri, na barua nimeambatanisha. Jumamosi ya tarehe kumi ukoo utakaa hapo Butiama. Siku hiyohiyo nitamchukua mama. Daktari nitamtafuta mimi, hapa Musoma, kwa wakati wangu. Umemkata kucha vya kutosha.

Recho


Guta, 19 Agosti 2024

Dada Recho,

Natumaini mama anaendelea vizuri. Mimi niko kwa baba yangu, na huyu mtoto wa kunyonya. Brenda amebaki kwa mke wa Mzee Kasmiri, kwa sababu walisema watoto ni wa nyumba ile, si wangu. Huyu mdogo nimeachiwa mpaka aache kunyonya.

Ulikuwepo, kwa hiyo sikusimulii. Barua yako ilisomwa, karatasi ikapitishwa mkono kwa mkono, na wazee ambao hawajui ALT ni mnyama gani wakaitikia kwa vichwa. Nilipotaka kusema nikaambiwa damu imeshasema, nirudi kwetu. Mama alikuwa amekaa pale pale anauliza leo ni msiba wa nani.

Sasa nakujibu, kwa sababu nimebaki na muda mwingi na sina cha kupoteza. "Za kwako" ilikuwa panadol. Usiku magoti yalikuwa yanamliza. Nilinunua dukani kwa jirani, nikampa mbili, akalala. Kesho yake tena. Ikawa mbili asubuhi, mbili mchana, mbili usiku. Sikukwambia kwa sababu ulishaandika nisiongeze kitu. Na kuna sababu nyingine, naiandika kwa aibu: nilichoka kusikia habari za kopo jeupe. Nilitaka na mimi siku moja aamke aseme, Ghati kaniponya.

Mizizi sijampa, haki ya Mungu. Nimempa panadol, maziwa na magadi. Ukikataa mengine yote, hili shika: weka kila anachomeza kwenye mfuko mmoja, mpeleke kwa daktari. Usisubiri.

Wifi yako, kama bado,
Ghati


Musoma, 9 Septemba 2024

Ghati,

Nakusalimu, na mtoto namsalimu. Brenda nilimwona Jumapili, hajambo, amekatwa nywele. Anakuuliza. Nilimwambia utarudi, kisha nikaona nimesema neno nisilolimiliki.

Barua yako niliipata tarehe ishirini na moja na nikaiweka chini ya godoro. Sikuifanyia kazi. Mama alikuwa kwangu, hatimaye ni mimi ninayemwogesha, mimi ninayempikia, nikasema huyu mwanamke ameshindwa na bado anataka kuniagiza. Nilimwongezea kalsiamu, vidonge vitatu asubuhi na vitatu jioni, ili apate nguvu haraka. Maziwa alipoomba nilimpa, nami nikataka anywe mengi zaidi ya aliyokunywa kwako. Akazidi kulala. Akazidi kutapika. Nikajiambia ni sumu yako inamtoka.

Tarehe ishirini na sita nilirudi kazini nikamkuta sakafuni, macho wazi, hanijui.

Hospitali walimlaza, wakapima damu upya, na daktari, mama mmoja mtu mzima, akaniambia nirudi nyumbani nilete kila anachomeza. Nilileta mfuko. Alimwaga vyote mezani: kopo jeupe, kopo la bluu, na panadol zako zilizokuwa kwenye mkoba wa mama, amezifunga kwenye leso. Akachukua kopo la bluu, akanisomea maandishi madogo ya ubavuni. Dawa ile ya magoti ndani yake ina panadol pia. Mimi nampa mama mara tatu, wewe unampa mara tatu, na ini la bibi kizee mwenye kilo arobaini na tano linapokea kote. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nilimjibu. Aliandika kwenye faili, na ningependa angenitukana.

Unajua kila mteja akija dukani swali langu la kwanza ni lipi? "Unatumia dawa nyingine?" Miaka tisa nauliza watu baki. Mama yangu sikumuuliza hata siku moja, kwa sababu jibu lingekuwa wewe.

Karatasi mpya ipo hivi. ALT imeshuka mpaka 70. Imeshuka tangu ulipoondoka. Naweza kulishika hilo kama fimbo, na saa ya kwanza nililishika. Lakini kalsiamu imepanda mpaka 3.4, na hiyo imepanda mikononi mwangu, hapa nyumbani kwangu, wewe hupo. Nikamwambia daktari, si ndiyo vizuri, mifupa? Akanitazama kwa huruma. Kalsiamu ya kwenye mfupa ni akiba, akasema, ila ikifurika kwenye damu ni balaa. Inaleta kiu, inafunga choo, inatapisha, inavuruga akili, na figo zinachoka. Kreatinini ndiyo inayosema figo zimechoka. Vidonge vile, na maziwa mengi, na magadi huko nyuma, vyote vilisukumana njia moja. Kiungulia ulichokuwa unakitibu kwa magadi, daktari anadhani kililetwa na vidonge vyangu.

Kwa hiyo ile H niliyoishangilia ndiyo iliyokuwa inamuua mama. Karatasi niliisoma kwa wivu. Kila kizuri nilijipa mimi, kila kibaya nilikupa wewe.

Wamemwekea dripu siku tano na kusimamisha dawa zote. Akili imerudi. Juzi aliniuliza bei ya dagaa, na akalalamika.

Sasa nimekuandikia ukweli. Lakini nisikudanganye, mama anabaki kwangu. Baba mdogo Kasmiri sijamwambia lolote. Nimempata mama baada ya miaka mingi na sijui kama nina moyo wa kumrudisha.

Wifi yako,
Recho


Musoma, 13 Oktoba 2024

Wifi Ghati,

Hujambo? Mtoto anatambaa sasa? Baba yako na mama yako wazima? Mama anawasalimu wote, kila mmoja kwa jina.

Hujanijibu mwezi mzima. Mwanzo nilikasirika, nikasema mtu nimemwandikia ukweli na bado ananinunia. Ngusa ndiye aliyenifungua macho bila kujua. Aliniambia Bunda watu wanasema yule binti wa Guta aliyempa sumu mume wake bibi amerudishwa kwao. Ndipo nikaelewa. Nilikushtaki mbele ya ukoo mzima, nikakusafisha ndani ya bahasha.

Mama ananisumbua kwa maswali. Kwanza alidhani umekwenda kwenu kusalimia. Wiki iliyopita niliona siwezi tena, nikamweleza yote: barua, kikao, karatasi, Brenda. Nilikuwa nimekaa chini, yeye kitandani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakiri kwamba alikuwa anajua kabisa anameza kwako na kwangu. Kila mmoja wetu, yeye alimwambia ni za kwake zinazomsaidia. Akasema, "Mlikuwaga mnashindana. Ningekataa cha mmoja, angesema nampenda mwenzie." Nikamwambia, mama, ungekufa. Akasema alilijua hilo pia, ila ugomvi wetu aliuogopa zaidi.

Halafu nikamwomba abaki Musoma. Nilimwambia nimempangia chumba chenye dirisha, nitaacha kazi nusu siku, nitamtunza mimi. Nilimwomba kwa machozi, sioni aibu kukwambia. Akanishika kichwa akasema:

"Recho, wewe nilikuzaa, wakaja wakakuchukua, ndiyo desturi. Ghati nilimuoa ili abaki. Umenifukuzia mke wangu, mwanangu, sasa unataka nirudi nyumbani kwangu kwa nani?"

Ghati, nililia mpaka Shija akaja kuuliza. Neno hilo lilinichoma, na linanichoma hata sasa. Wivu wangu haujaisha, haujapungua hata kidogo. Ila nimeona kwamba nilikuwa nagombea nafasi ambayo siyo yangu na haijawahi kuwa.

Kwetu, mke akirudi kwao mume ndiye humfuata. Jumamosi hii mama anakuja Guta kumfuata mke wake. Amekataa nimtume mtu. Ameniagiza nimtafutie mbuzi mweupe na blanketi la kumpa baba yako. Nitakuja naye, na baba mdogo Kasmiri atakuja, nimeshamwambia kila kitu na amenitukana vya kutosha. Karatasi zote mbili nitakuwa nazo. Nitazisoma mimi, nimesimama, mbele ya baba yako na majirani wote mtakaowaita. Waiteni wengi.

Ukikataa kurudi, kataa mbele ya mama, siyo mbele yangu.

Wifi yako,
Recho


Butiama, 24 Novemba 2024

Dada Recho,

Bwana asifiwe. Hapa sote wazima, na mvua imetupata vizuri. Brenda anakushukuru kwa viatu, ingawa anavivua kila akitoka nje. Shija na mgongo wake vipi?

Alhamisi tulimpeleka mama Bunda kupima tena. ALT ni 31. Kalsiamu 2.4, ipo katikati kabisa ya kawaida. Kreatinini imebaki juu kidogo, daktari wa huku anasema figo hupona polepole na turudi baada ya miezi mitatu. Dawa hatumii yoyote. Magoti namkanda kwa maji ya moto. Maziwa kikombe kimoja asubuhi, magadi nimeyaacha hata kwenye mlenda. Kopi ya majibu ipo ndani, isome vizuri.

Kuhusu Guta, baba yangu mpaka leo anaeleza jinsi ulivyosimama. Anasema sauti yako ilikuwa imara mpaka ulipofika kwenye kalsiamu. Mimi nilikuwa natazama chini. Nilikuwa nimejiandaa kukataa, nikwambie ukweli. Siku nyingi nilikuwa natunga maneno ya kukukatalia mbele za watu. Kisha mama akapiga magoti yale mabovu mbele ya baba yangu, kama mume anayeomba mke, na maneno yale sikuyakumbuka tena.

Sasa na mimi nikupe la kwangu, kwa sababu wewe umeandika yako yote na mimi nimekuwa najifanya mtu mwema. Unadhani mwenye wivu ni wewe peke yako. Unapopiga simu, mama kabla ya salamu anakuuliza, "Umekula?" Una miaka arobaini na moja, una sufuria zako, una mume, na anakuuliza kama umekula. Nikisikia hilo natoka nje. Miaka saba nimempikia, nimemfulia, nimemzalia wajukuu wa jina lake. Ananiheshimu, ananiita mke wangu mbele ya watu, mbuzi mweupe ameniletea. Lakini hajawahi kuniuliza kama nimekula. Mke haulizwi hivyo, mke ndiye anayepika. Mama yangu mzazi ana watoto tisa, na yeye hakuwahi kuwa na nafasi ya kuniuliza.

Zile panadol, ukitaka kujua zilianzia wapi, zilianzia hapo.

Sikuombi kitu. Nimeona tu kwamba tumemjaza yule bibi dawa kwa sababu kila mmoja wetu alitaka kile alichopewa mwenzake, na ni haki ukijue cha kwangu.

Wifi yako,
Ghati


Musoma, 27 Novemba 2024

Ghati mdogo wangu,

Ngusa ameshawasha gari, kwa hiyo salamu za wengine nimeziacha.

Umekula?

Dada yako,
Recho